Ahadi Iliyomo Katika Nambari: Uhakiki wa Waraka wa Semantic Versioning

Waraka uitwao Semantic Versioning, ulioandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waasisi wa GitHub, na ambao toleo lake la 2.0.0 lilitoka mwaka 2013, si mrefu: una vifungu 11 vyenye nambari, utangulizi mbele yake, na maswali na majibu nyuma yake. Walakini hati za ufundi zilizotiiwa na watu wengi kiasi hiki katika karne hii ni chache. Zana za kujengea programu, kama npm kwa waandikao JavaScript na Cargo kwa waandikao Rust, huamua kila siku kwa kufuata waraka huu, au desturi iliyotokana nao, ni kipande gani cha programu kiunganishwe na kipi. Mainjinia wameujadili sana kwa upande wao. Wanaisimu nao hawana budi kuujadili, kwa kuwa jina lake lenyewe ladai jambo ambalo ni la kwao, yaani kwamba nambari za matoleo zina maana.

Kwanza yafaa shida yenyewe ielezwe. Programu ya leo haiandikwi yote na mtu mmoja. Mwenye kutunga programu ya duka huazima kifurushi cha hesabu kilichotungwa na mtu mwingine, na kifurushi cha risiti kilichotungwa na mtu wa tatu, na kila kimoja kati ya hivyo nacho kimeazima vingine ambavyo mwenye duka hakuvichagua wala hajavisikia. Tuseme cha hesabu na cha risiti vyote viwili vimeazima kifurushi kimoja cha kusomea tarehe. Lakini cha hesabu kilitungwa juu ya toleo la 1.4 la kifurushi hicho, na cha risiti juu ya toleo la 2.0. Zana ya kujengea imekabidhiwa kazi ya kuchagua. Ikichukua 1.4, huenda risiti ikaita kitu ambacho hakikuwapo bado, ikichukua 2.0, huenda hesabu ikaita kitu kilichokwisha kuondolewa. Waraka waanza kwa kuifananisha hali hii na jehanamu, na aliyewahi kukesha akiitengeneza hataona kwamba mwandishi amezidisha chumvi.

Dawa inayotolewa ni ya nambari tatu zenye nukta kati yake. Mtungaji akibadili jambo hata waliokuwa wakimtegemea wakavunjikiwa, huongeza nambari ya kwanza. Akiongeza jambo jipya bila kumvunjia mtu, huongeza ya kati. Akirekebisha kosa tu, huongeza ya mwisho. Toleo likishatolewa halibadilishwi kamwe. Lililo na kosa hufuatwa na jingine. Na kabla ya yote hayo mtungaji hupaswa kutangaza kiolesura chake, yaani yale anayowaruhusu wengine wayategemee. Mwenye kutumia 1.4.0 basi aweza kuiambia zana: nichukulie toleo lolote jipya maadamu halijafika 2.0.0. Zana haisomi msimbo, bali husoma nambari na kuziamini.

Uzuri wa mpango huu usidharauliwe. Yeyote aliyefundisha mawazo ya Ferdinand de Saussure, yaliyochapishwa mwaka 1916, ataona hapa mfano ambao hauonekani wazi hivi katika lugha za watu: alama ambazo thamani yake yote imo katika tofauti. Nambari 2.3.1 peke yake haisemi lolote. Haielezi programu ni nzuri au mbaya, kubwa au ndogo, wala inafanya kazi gani. Husema jambo inapowekwa kando ya 2.3.0, na husema jingine kando ya 1.9.0. Waraka wenyewe, katika mojawapo ya majibu yake, wakiri kwamba maana huwasilishwa na namna nambari inavyobadilika. Hapo mwandishi, ingawa hakudai kuwa mwanaisimu, alisema jambo la kiisimu kwa usahihi.

Kosa limo katika neno "maana". Taarifa yenye maana huweza kuwa kweli au uongo kwa kulinganishwa na mambo yalivyo. Lakini mtungaji anapokiita kifurushi chake 1.5.0 badala ya 2.0.0 hatoi taarifa ya jinsi mambo yalivyo, kwani mambo yenyewe hayajui: hajui ni akina nani wanaomtegemea, wala wanategemea nini hasa katika kazi yake. Anatoa ahadi. J. L. Austin, katika mihadhara yake ya Harvard ya mwaka 1955 iliyotolewa kitabu mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alitenga maneno ya kueleza na maneno ya kutenda, na akaonyesha kwamba ahadi haivunjwi kwa kuwa ya uongo bali kwa kutotimizwa, au kwa kutolewa na asiye na uwezo wa kuitimiza. Nambari ya toleo ni ya upande huo wa pili. Waraka ungaliitwa kwa haki zaidi waraka wa ahadi za matoleo. Na tofauti hii si ya kuchagua maneno mazuri tu, kwa kuwa anayesoma taarifa huuliza kama ni kweli, na anayepokea ahadi huuliza aliyeitoa ni nani.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuiona hitilafu kati ya alama na mapatano. Kiambishi ki- mbele ya jina huahidi kwamba maneno yafuatayo yatachukua ki- vilevile: kiti kimevunjika, kitabu kimepotea. Mgeni aliyejifunza kanuni hiyo aweza kutunga sentensi nyingi sahihi bila ya kumwuliza mtu. Kisha anafika kwenye kijana, kipofu, kifaru na kiboko, anasema "kifaru kimekufa", na wenye lugha wanatabasamu. Umbo la jina limesema jambo moja na desturi ya wasemaji imesema jingine, na inayoshinda ni desturi ya wasemaji. Si bure kwamba katika sarufi jambo hili huitwa upatanisho: kupatana ni kazi ya zaidi ya mmoja, na kiambishi ni dalili yake tu, tena dalili isiyokosa kudanganya mara kwa mara.

Dalili ya nambari hudanganya mara ngapi? Mwaka 2014 Steven Raemaekers, Arie van Deursen na Joost Visser walichunguza historia ya miaka saba ya ghala la Maven Central, ambamo vifurushi vya Java huwekwa, wakaona kwamba kiasi cha theluthi moja ya matoleo yalikuwa na walau badiliko moja la kuvunja, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa karibu sawa kwa matoleo yaliyoongeza nambari ya kwanza na kwa yale yaliyoongeza ya kati. Kwa maneno mengine, nambari haikuwa ikisema kitu. Mwaka 2022 Lina Ochoa na wenzake watatu walirudia uchunguzi huo kwa utaratibu uliosafishwa zaidi, wakapata picha njema zaidi: asilimia 83.4 ya hatua za kupanda toleo zilitii waraka, utiifu ulikuwa ukiongezeka kadiri ya miaka, na mabadiliko mengi ya kuvunja yaligusa sehemu ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia. Wapo watakaozisoma habari hizi mbili kama ugomvi wa takwimu. Lakini jambo la maana limo katika matokeo yale ya mwisho, kwa kuwa yaonyesha kwamba ahadi huweza kuvunjwa bila ya mtu kuumia, na hivyo kwamba "kuvunja" hakumo ndani ya msimbo bali kumo kati ya msimbo na mwenye kuutegemea.

Hapo ndipo waraka unapojikwaa, na kwa heshima ya mwandishi yafaa isemwe kwamba alijikwaa hadharani. Katika maswali ya mwishoni anaulizwa: je, mtungaji akigundua kwamba programu yake ilikuwa ikienda kinyume na kiolesura alichokitangaza, na sasa anataka kuirudisha kwenye njia yake, atumie nambari gani? Kwa herufi ya vifungu jawabu ni rahisi: kurudisha jambo kwenye tangazo ni kurekebisha kosa, basi iongezwe nambari ya mwisho. Lakini waraka wamtaka mtungaji atumie busara yake, na waongeza kwamba ikiwa wapo watumiaji wengi watakaodhurika, huenda ikafaa kuongeza nambari ya kwanza. Jibu hili ni la mtu mwenye akili na uzoefu, na labda ndilo jibu bora katika waraka mzima. Nalo laubomoa msingi wake. Vifungu 11 vimesema kwamba kipimo ni tangazo, na jibu hili lasema kwamba kipimo ni wasikilizaji na wingi wao. Mambo haya mawili hayawezi kuwa sheria moja.

Hyrum Wright, injinia wa Google, aliisema sheria ya pili kwa ukali zaidi, na sasa hujulikana kwa jina lake katika kitabu cha mainjinia wa kampuni hiyo kilichotoka mwaka 2020: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya programu inayoweza kuonekana itategemewa na mtu fulani, bila kujali mtungaji aliahidi nini. Atatokea mtu aliyetegemea mpangilio wa maneno katika ujumbe wa kosa. Atatokea mwingine aliyetegemea kosa lenyewe. Mwanaisimu hastaajabu, kwa kuwa hakuna chuo wala kamusi iliyowahi kuwazuia wasemaji wasilitumie neno kwa namna isiyotangazwa.

Zaidi ya mtungaji anayeahidi kuna zana inayosikiliza, na zana hazisikilizi kwa namna moja. Maven haisikilizi kabisa: panapokuwa na matoleo mawili, huchukua lililo karibu zaidi na shina la mti wa mategemeo, na yakiwa sawa kwa umbali, huchukua lililotajwa kwanza. Katika mfano wa duka, kuhamisha mstari mmoja katika faili kungeweza kubadili toleo la kifurushi cha tarehe bila ya mtu kukusudia. Ni kanuni iliyo rahisi kuieleza na ngumu kuitetea. Gradle, isipoagizwa vingine, huchukua nambari iliyo kubwa kuliko zote, na hivyo huamini kwamba jipya litaishika nafasi ya la kale sikuzote, hata nambari ya kwanza ikiwa imebadilika. Pip ya Python iliishi miaka mingi kwa kuchukua sharti la kwanza lililokutwa na kuyapuuza yaliyofuata. Ilipewa msuluhishi wa kweli katika toleo la 20.3 la mwaka 2020. Npm na Cargo huruhusu matoleo mawili ya kifurushi kimoja yakae pamoja katika programu moja, kila mmoja akihudumiwa na lake, mpaka siku kitu kilichotengenezwa na moja kinapokabidhiwa kwa jingine nalo likashindwa kukitambua.

Lililo la ajabu zaidi ni mambo ya sifuri. Waraka wasema wazi kwamba chini ya 1.0.0 hakuna ahadi: lolote laweza kubadilika wakati wowote. Lakini npm ikiambiwa ichukue kilicho sawa na 0.2.3 kwa alama yake ya kikofia, hukubali 0.2.9 na hukataa 0.3.0, na Cargo hufanya vivyo hivyo. Zana zimesoma ahadi mahali ambapo waraka umesema hapana ahadi: zimeihamisha kazi ya nambari ya kwanza kwenye nambari ya kati. Nao watungaji, kwa kuona zana zasikiliza hivyo, wakaanza kusema hivyo. Kifurushi kiitwacho libc, kinachotegemewa na sehemu kubwa ya programu za Rust, kiliingia 0.2 mwaka 2015 na kimekaa humo miaka mingi, na hakuna anayekitendea kama kitu cha majaribio. Hivi ndivyo sarufi inavyozaliwa. Aliyeandika kanuni alikusudia moja, wasikilizaji wakafahamu jingine, na baada ya muda wasemaji wakawafuata wasikilizaji. Mwenye kuutetea waraka kwa kusema kwamba watu "wanaukosea" afahamu kwamba anasema kama mwalimu wa sarufi anayewasahihisha wenye lugha.

Kwa upande wa ufumbuzi wenyewe, kuna ugumu ambao waraka haukuugusa. Kila kifurushi kikiruhusiwa kuweka mpaka wa chini na mpaka wa juu, kazi ya kutafuta mkusanyiko unaokidhi masharti yote huingia katika kundi la matatizo yaitwayo na wataalamu NP-kamili, ambayo hayajulikani kuwa na njia ya haraka kwa kila hali. Russ Cox wa Google aliieleza hoja hiyo mwaka 2016, na mwaka 2018 akapendekeza kwa lugha ya Go njia ya kuukwepa ugumu: kila kifurushi kitaje mpaka wa chini tu, na zana ichukue kubwa katika hiyo mipaka ya chini, isiguse toleo ambalo hakuna aliyelitaja. Njia hiyo haina haja ya kubahatisha. Lakini ina gharama yake, nayo ni ya lugha: nambari ya kwanza ikibadilika kuanzia 2, kifurushi hubadilishwa jina. Njia ya kukiita huandikwa upya ikiwa na v2 ndani yake, na hivyo cha kale na kipya huwa vitu viwili. Rich Hickey, mtunzi wa lugha ya Clojure, alikwisha kuuhubiri msimamo kama huo katika mhadhara wake wa mwaka 2016: asiyekusudia kutimiza ahadi ya jina la kale na atafute jina jipya.

Mainjinia wengi waliichukia kanuni hii kwa kuwa yachosha, na kweli yachosha. Lugha za watu haziiwezi. Neno baraza lilikuwa kibaraza cha mbele ya nyumba pa kupumzikia na kuzungumza, likawa mkutano, likawa chombo cha mawaziri, na hakuna aliyedai liandikwe baraza la pili. Msemaji hutambua kwa muktadha kama aliyeketi barazani anakunywa kahawa au anapitisha bajeti. Zana haina muktadha, na kwa hiyo kwake usumbufu wa majina mapya ni nafuu kuliko hatari ya jina moja lenye maana mbili. Kwa hoja hii, Go imeelewa asili ya nambari kuliko waraka unaozitawala.

Kwamba ahadi ni tendo lenye matokeo kulionekana Desemba 2021, ilipotangazwa kasoro ya hatari katika Log4j, kifurushi cha Java cha kuandikia kumbukumbu. Kilikuwa kimejificha katika programu zisizohesabika kama tegemeo la tegemeo. Marekebisho yalifuatana mwezi huo huo: 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1. Toleo la 2.16.0 liliondoa uwezo uliokuwapo na kuzima mwingine, ili kuifunga njia ya wavamizi. Iwe kifurushi kilikuwa kimejifunga na waraka au hakikujifunga, kwa herufi yake kuondoa uwezo ni kuvunja, na nambari iliyostahili ni 3.0.0. Lakini kila aliyeona 3.0.0 angaliahirisha akidhani ana kazi ya miezi, na zana zenye mpaka wa juu zingalikataa kuichukua. Watungaji walichagua nambari itakayopokelewa. Walivunja sheria ya nambari ili kuwalinda wanaozitumaini, na ni vigumu kuwalaumu.

Katika zana zote zilizotajwa na zisizotajwa, moja yastahili sifa ya pekee kwa msomaji wa jarida la lugha. Mwaka 2018 Natalie Weizenbaum aliieleza njia ya PubGrub, aliyoitunga kwa ajili ya lugha ya Dart. Msuluhishi wa kawaida akishindwa hutoa orodha ya nambari ambayo hata mtaalamu huikimbia. PubGrub hutunza sababu za kila uamuzi, na ikishindwa huzipanga kama hoja: kwa kuwa hiki chahitaji kile, na kile hakipatani na hiki, basi haiwezekani. Hizo ni sentensi zenye viunganishi, naye mtu huweza kubishana nazo na kuuliza ni sharti lipi lilegezwe. Hapa ndipo neno maana lingalistahili kutumika.

Imebaki habari ya istilahi, nayo si ndogo kwa mwenye kuufasiri waraka huu kwa Kiswahili. Kifurushi kinachoazimwa wengine hukiita "tegemezi". Neno hilo lageuza mambo, kwa kuwa mtoto tegemezi ni yule anayetegemea, siyo anayetegemewa. Kiswahili kina uwezo wa kutenga pande zote tatu: utegemezi ni hali, kitegemezi ni chenye kutegemea, na tegemeo, wingi mategemeo, ni kinachotegemewa. Lugha iliyotunga waraka haina utajiri huo na hutumia neno moja kwa hali na kwa kitu. Mfasiri asiubebe umaskini wake.

Neno la pili ni gumu zaidi. Vitu vinavyofaana husemwa vyaoana au vyapatana, na kutoka hapo hupatikana "uoanifu" na "upatanifu". Maneno haya ni mazuri kwa plagi na tundu lake. Lakini kiambishi -ana ni cha kutendana, na jambo ambalo waraka waliahidi halina kutendana. Toleo la 1.5.0 laweza kutumika mahali pa 1.4.0, la 1.4.0 haliwezi kutumika mahali pa 1.5.0. Mwanafunzi akiambiwa kwamba matoleo hayo mawili yapatana, atadhani kwamba aweza kurudi nyuma kama alivyokwenda mbele, na programu yake itamwonyesha vingine. Kinachohitajika ni kitenzi cha upande mmoja. Katika ofisi lipo tayari neno la mtu anayeishika nafasi ya mwingine na kufanya kazi zake zote: hukaimu. Toleo la 1.5.0 lakaimu 1.4.0, toleo la 2.0.0 halikaimu 1.9.0. Naam, katika ofisi mwenye kukaimu hungojea mwenyewe arudi, na toleo la kale halirudi. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kosa la -ana.